Nguchiro, Fisi na Bendi Isiyopiga

Paukwa!

Pakawa!

Wenye masikio wapo?

Wapo!

Wenye usingizi je?

Wameshalala!

Basi hii ni ya sisi tuliobaki.

Alikuwako Mama Nguchiro. Alikuwa na watoto wanne na miguu minne, na vyote vilikuwa vinamchosha.

Alasiri moja alikuwa uani anapepeta kumbikumbi. Pepe-pepe, mabawa yanaruka. Pepe-pepe, kumbikumbi wanabaki. Mara, pu! Kasuku akaangukia katikati ya ungo.

"Kasuku! Toa miguu kwenye chakula changu."

"Mama Tindi, Fisi amekaa mlangoni pa banda la video."

"Akae. Kwani yeye hana macho?"

"Watoto wako wamo ndani. Wote wanne, peke yao."

Mama Nguchiro akaweka ungo chini. "Na wewe mtafsiri, umewaachia nani?"

"Mama, mimi nina mabawa, wao hawana. Nimepitia tundu la paa."

Banda lile lilikuwa na mlango mmoja tu, mwembamba. Ndani mlikuwa na runinga, na wanyama walikwenda kuangalia katuni ya watu. Katuni yenyewe ilikuwa ya bendi. Mwimbaji anasalimia watazamaji mpaka sauti inamkauka. Mpiga ngoma analala juu ya ngoma. Mpiga tarumbeta anahifadhi ugali wake ndani ya tarumbeta. Meneja ni mbuzi. Kila siku wanataka kupiga wimbo, na kila siku wimbo haupigwi. Kwa kuwa wanyama hawajui lugha ya watu, Kasuku hukaa nyuma ya pazia la gunia na kipaza sauti, akitafsiri kila neno.

Mama Nguchiro alikuwa amewakataza watoto wake katuni hiyo. "Bendi isiyopiga," alisema, "ni ya nini?"

Sasa akakimbia. Tifu-tifu-tifu. Akafika nyuma ya banda, akachimba chini ya ukuta. Chaka-chaka-chaka. Akatokezea nyuma ya gunia, akachungulia.

Watoto wake walikaa mbele kabisa, mlango wameupa mgongo, hawana habari. Mlangoni alikuwapo Fisi. Alikuwa anasubiri katuni iishe watoke wote, kwa sababu Fisi hakupenda kula mmoja na kuwaacha watatu.

"Mtafsiri!" Fisi akafoka. "Umelala? Tafsiri, au nimalize shughuli yangu sasa hivi!"

"Shhh!" watoto wakasema, bila kugeuka.

Mama Nguchiro akashika kipaza sauti. Lugha ya watu haijui hata neno moja. Akakohoa kama Kasuku.

Kwenye runinga mwimbaji akafungua mdomo. Mama akatafsiri: "Mwimbaji anasema, hamjambo nyote. Mbuzi hajambo. Na ugali ulio kwenye tarumbeta, nao haujambo."

"Kwi-kwi-kwi!" Fisi akacheka. "Ugali kwenye tarumbeta! Haya, wapige!"

Mpiga ngoma akakoroma. Mama akatafsiri: "Mpiga ngoma anasema, Tindi, pita chini ya gunia, nenda nyumbani, usiangalie nyuma."

Tindi aliijua sauti ya mama yake hata ikijigeuza. Akainama. Churuu! Akapotea.

"Tindi ni nani?" Fisi akauliza.

"Mpiga marimba. Bado hajaonekana."

"Kwi-kwi-kwi! Haya, wapige!"

Mbuzi akapanda jukwaani. Mama akatafsiri: "Meneja anasema, Songo, na wewe, na sitaki ubishi."

Churuu!

"Na Songo ni nani?"

"Mbeba spika."

"Kwi-kwi-kwi! Haya, wapige!"

Mpiga tarumbeta akapuliza. Tonge likachomoka, likampiga mwimbaji kwenye paji la uso. Mama Nguchiro akataka kutafsiri, akashindwa. Alicheka mpaka kipaza sauti kikalia piiii. "Anasema..." akafuta machozi, "anasema, Nyuro, toka!"

Churuu!

Akabaki Kitumbo, kitinda mimba.

"Mpiga ngoma anasema, Kitumbo, toka."

"Sitoki!" Kitumbo akajibu kwa sauti. "Bado hawajapiga!"

"Mwache mtoto!" Fisi akadakia. "Amesema kweli, bado hawaja..."

Akatazama vizuri. Mbona amebaki mmoja? Akaingiza bega la kwanza mlangoni. Akaingiza bega la pili. Mate yakadondoka, to, to, to.

"Kimya!" Mama akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Mpiga ngoma ameamka! Mwimbaji anasema wimbo ni sasa hivi! Atakayegeuza macho ataukosa!"

Fisi akamtazama Kitumbo. Akaitazama runinga. Akamtazama Kitumbo tena. Mtoto anaweza kuliwa hata baadaye. Wimbo je? Akakodoa macho kwenye runinga.

Mkono ukatoka chini ya gunia, ukakamata sikio la Kitumbo. Churuu! Wakaenda wote wawili.

Kwenye runinga, mpiga ngoma aliinua vijiti kweli. Mwimbaji akavuta pumzi, akasema maneno mawili matatu, na katuni ikaisha.

Mama Nguchiro akakimbia na mtoto wake, akisubiri kusikia kishindo nyuma. Hakusikia kishindo. Alisikia sauti ikilia kutoka bandani: "Mtafsiri! Amesema nini? Mwishoni pale amesema nini?"

Jioni akakaanga kumbikumbi, akasonga ugali. Kasuku akaja kutua dirishani.

"Fisi bado amekaa palepale," akasema. "Kila apitaye anamwuliza kama wimbo ulipigwa. Sungura amepita mbele yake, hakumwona."

"Mungu ashukuriwe," Mama akasema. "Kasuku, hebu niambie kweli. Yule mwimbaji, pale mwanzoni, huwa anasema nini?"

"Mama Tindi, lugha ya watu mimi ningejifunzia wapi? Nabuni."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Mama akageuza ugali kwenye sinia, akafikiri. "Basi ya kesho natafsiri mimi. Wewe yule mbuzi humtendei haki."

Akapakua. Akahesabu: "Tindi. Songo. Nyuro. Kitumbo. Mmetimia. Naweni mikono."

Hadithi yangu imefika kwake, imevua viatu. Funzo ni hili: uongo ni mbaya. Humu ndani aliyesema kweli tangu mwanzo hadi mwisho ni Fisi peke yake, naye alilala na njaa kwa heshima zote. Watoto, mwigeni Fisi. Ila kwanza mle.