Pimbi, Kiboko na Nembo Yenye Meno

— Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulie!
— Imekuja na mzigo!
— Utue!
— Na mkikuta uongo ndani?
— Tutagawana!

Haya. Asiyeniamini anyooshe mkono mapema, tusisumbuane katikati. Wewe mwenye kofia, nimekuona. Mimi shule niliiachia darasa la sita. Mwalimu alitoa machozi, sikubaki kumuuliza ya nini. Lakini hadithi hii ninayo nzima, na nakwambia hivi: zamani wanyama walikuwa na programu ya simu. Kataa. Kataa, nikuone.

Kulikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama wa kwenye mawe, mdogo, mnene kidogo, mkia hana na hajawahi kuuliza ulikwenda wapi. Siku moja ameota jua mpaka limemtosha, akaanza kuandika programu. Ti-ti-ti, ti-ti-ti. Programu ya maji. Unafungua simu, inakwambia: Bwawa la Mikuyu, maji yapo, Mamba yupo. Bwawa la Mawe, maji yapo, Mamba hayupo. Unajua pa kunywa, unajua pa kupita mbali.

Hakuiandika peke yake. Nyani aliongeza kipande, Kobe alisahihisha taratibu, na Digidigi, ambaye hata akila jicho moja liko barabarani, alikuwa akileta habari za Mamba. Na tangu mwanzo walikubaliana jambo moja: programu hii ni ya wazi. Anayetaka, aifungue atazame ndani. Anayetaka, arekebishe. Anayetaka, achukue nakala akaendelee nayo kwake. Hakuna wa kuombwa ruhusa.

Kwa ndani ilikuwa safi. Kwa nje, tuseme ukweli, ilikuwa kama wewe mwenye kofia ukiamka. Nembo haina. Tovuti haina. Basi wakaitisha kikao cha kupanga nembo na tovuti.

Kiboko akaja. Ndi! Ndi! Ndi! Akaketi. Wengine ikabidi wasimame.

"Nembo ni mimi," akasema Kiboko.

"Mzee, sisi tulifikiria tone la maji," akasema Digidigi.

"Tone? Tone linamtisha nani? Nembo ni mimi. Tovuti ni yangu, itakaa kwangu. Na mlangoni pake nataka komeo. Anayetaka kujua maji yako wapi, aniombe mimi kwanza."

"Na ukikataa, mzee?"

"Nikikataa, si nimekataa?"

Digidigi akatazama chini. Alikuwa na mtoto mchanga, miguu kama njiti za kiberiti, na kiangazi kilikuwa kimeshaingia. Kiboko hapendi kugawana bwawa, anapenda kulilalia. Atawanyima wote. Na mama akienda kunywa kwa kubahatisha, siku atakayokosea bwawa ni Mamba, na mtoto habaki na mtu. Wote walilijua hilo. Wote walimtazama Kiboko mdomo, wakakumbuka wana kazi nyumbani.

Pimbi akainuka. Mnadhani alimpinga? Aliinama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo mzee. Hilo ndilo wazo. Nitakuchora mimi mwenyewe."

"Kibaraka!" akafoka Nyani.

"Kaka Pimbi," akasema Digidigi, "hata wewe?"

"Hata mimi, dada," akasema Pimbi, akaenda kuchora.

Akarudi na uso wa Kiboko, ukubwa wa jani.

"Mkubwa zaidi," akasema Kiboko.

"Ndiyo mzee. Ila tovuti imejaa. Kuna maandishi ya ndani hapa, yanayojua habari za Bwawa la Mikuyu."

"Yanaonekana?"

"Hayaonekani, mzee."

"Toa."

Pimbi akatoa. Ti-ti-ti. Akakitia kile kipande kwenye mfuko wake.

Akarudi na uso wa Kiboko, ukubwa wa mlango.

"Meno yako wapi?" akasema Kiboko. "Nataka yote. Yang'ae."

"Ndiyo mzee. Ila kuna maandishi ya ndani hapa, yanayojua habari za Bwawa la Mawe."

"Yanaonekana?"

"Hayaonekani, mzee."

"Toa."

Pimbi akatoa. Ti-ti-ti. Mfukoni.

Akarudi na uso wa Kiboko, ukubwa wa nyumba, meno kama nguzo zilizopigwa rangi jana.

"Masikio yacheze," akasema Kiboko. "Na mtu akifungua, anisikie nikinguruma."

"Ndiyo mzee. Ila kuna maandishi ya ndani hapa, yanayojua alipo Mamba."

"Wewe, unanichosha. Yanaonekana?"

"Hayaonekani, mzee."

"Toa!"

Pimbi akatoa. Mfukoni. Halafu akakuna shavu.

"Mzee, bado komeo la mlangoni. Tatizo lake ni kwamba linakufunika jino la kushoto."

Kiboko akalitazama komeo. Akalitazama jino. Lilikuwa jino zuri.

"Toa," akasema.

Siku ya kuzindua, wanyama wote wakakusanyika na simu zao. Pimbi akapanda juu ya jiwe. "Mheshimiwa, watu wa kijiji hiki wana maneno. Kesho watasema nimekunyang'anya kitu. Hebu waambie wewe mwenyewe, kipi ni chako?"

Kiboko akavimba. "Kinachoonekana ni changu! Hayo makapi mengine mtajua wenyewe!"

"Mmesikia?" akauliza Pimbi.

"Tumesikia," wakajibu, hawajui wamesikia nini.

"Fungueni," akaamuru Kiboko.

Wakafungua. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kikazunguka. Kobe akasema anaona kitu. Ilikuwa ncha ya sikio. Kiduara kikazunguka. Simu ya Nyani ikaisha bando, ya Twiga ikaisha chaji. Jua likapanda. Tundu la kwanza la pua likaanza kutokea, halijaamua.

"Ni zuri," akasema Kiboko. "Subirini la pili."

Mtoto wa Digidigi akalia: mee. Midomo imemkauka.

Pimbi akamsogelea Digidigi. "Dada, fungua huku." Ulikuwa ukurasa mweupe, maandishi meusi, picha hakuna. Ukafunguka pu! Mikuyu: Mamba yupo. Mawe: salama. Vile vipande vya mfukoni vyote vilikuwa pale, vimeunganishwa, na mlangoni hapana komeo. Digidigi akasoma, akaondoka na mwanawe, wakanywa, wakarudi. Kwenye simu ya Kobe tundu la pili la pua bado lilikuwa njiani.

Sasa wote wakanong'onezana, wote wakafungua huku, pu! pu! pu!, wote wakaondoka kwenda kunywa. Akabaki Kiboko na uso wake.

"Mwizi!" akanguruma. "Umeniibia!"

"Nimekuibia nini, mzee?" Pimbi alikuwa ameshaingia kwenye mwanya wa mawe, amebakiza pua. "Nembo unayo. Tovuti unayo. Meno yote yapo, yahesabu. Mimi nimechukua nakala ya makapi, na makapi uliyatoa mwenyewe mbele ya watu." Akapiga mluzi. Fyuu!

Kiboko akaingia bwawani, chubwi, akaacha macho tu nje. Mpaka leo anasubiri watu wafungue tovuti. Imebaki kidogo, imefika kwenye taya.

Funzo la hadithi hii, andikeni wenye kalamu: ukiambiwa uchore nembo, ichore kubwa. Kubwa kabisa. Na anayekwambia kilicho ndani ndicho muhimu huyo hana meno mazuri.

— Hadithi inatoka!
— Isindikize!
— Ni ya nani?
— Ni ya wazi, anayetaka abebe!

Mbona hamwondoki? Wewe mwenye kofia, unanitazama nini?

Haya, kuna kipande nimekiruka. Kiangazi kilipokaza, bwawa la Kiboko likawa tope. Mchana mmoja akaingia mtu kwenye ule ukurasa mweupe, akajiandika jina lake ni Gogo. Pale palipoandikwa "Mawe: salama" akarekebisha: UPANDE WA MASHARIKI PANA SHIMO. NIMELALA HUMO NALIJUA. WATOTO WAPITE MAGHARIBI. Herufi zote kubwa. Kila mtu alijua ni nani. Pimbi akalisoma lile sahihisho, akalikubali, akaandika chini yake: "Asante, Gogo. Karibu tena." Jioni ile mtoto wa Digidigi alipita magharibi.

Nilikiruka kwa sababu hadithi ilikuwa inataka mjinga, na mjinga mwingine sikuwa naye.