Mkunga Aliyekataa Kufuta Mfumo wa Zamani

Hii ukimaliza kuisoma, mpelekee na yule ndugu yako mwenye mkono mwepesi wa kufuta vitu.

Katika kituo kimoja cha afya huko milimani palikuwa na mkunga aliyeitwa Subilaga. Alikuwa na kompyuta moja, iliyounganishwa na kipimo cha kumwona mtoto tumboni. Kila Jumanne wajawazito walitoka vijiji vya mbali kuja kupimwa.

Jumanne moja kipimo kiligoma. Kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe tangu Ijumaa, ikajiwekea mfumo mpya bila kuufuta wa zamani, na kujaza diski kwa mafaili yake. Kila alipojaribu kuwasha kipimo, iliandika: "Nafasi haitoshi."

Nje kwenye benchi walikaa wanawake kumi na mmoja. Wa kwanza alikuwa Tumpe, mwenye mimba ya miezi minane na nusu. Subilaga alilipapasa tumbo lile na hakulipenda hata kidogo. Alishuku mtoto amekingama, yaani amelala upande kwa upande, asiweze kuzaliwa kwa njia ya kawaida. Kama ni kweli, Tumpe hakupaswa kurudi nyumbani. Alitakiwa kwenda hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo. Lakini hospitali ilikuwa mbali, na mumewe, Gwakisa, alishasema wazi kwamba hampeleki mkewe huko kwa kushuku tu. Alitaka kuona picha.

Bahati nzuri, Gwakisa huyo huyo alikuwa fundi kompyuta. Akavuta kiti.

"Jambo dogo hili, Sista. Unaiona folda hii ya mfumo wa zamani? Giga ishirini na mbili! Tunaishika, tunaifuta, kwisha kazi."

Subilaga akamwondoa mkono kwenye kipanya.

"Ngoja kwanza, baba kijacho. Huo mfumo mpya umeshauona ukifanya kazi?"

"Si huu hapa unawaka?"

"Mtoto akilia si kwamba ameshanyonya. Mimi mama akijifungua, kondo la nyuma silitupi pale pale. Nalitandaza, nalikagua, nahakikisha limetoka lote na mama yu salama. Ndipo nalitupa."

Gwakisa akacheka. "Sista, hii ni kompyuta, si leba. Wakunga nanyi, kwa kuchelewesha mambo hamjambo!"

Tumpe alisikia kule nje. "We baba, usitukane wakunga na uzazi ungalipo!"

Benchi zima likaangua kicheko. Subilaga hakucheka. Hasira ilimpanda, akaimeza, maana palikuwa na kazi.

Kwanza alinakili kumbukumbu zote za akina mama kwenye flashi. Kisha, badala ya kuvamia folda, akafungua programu ya usafi iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe na kusoma orodha yake mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Mafaili ya sasisho yaliyokwisha kutumika akayafuta. Mafaili ya muda nayo akayafuta. Pipa la taka alilichungulia kwanza, akakuta hamna la kuokoa, akalimwaga. Alipofika kwenye mfumo uliotangulia, akauruka.

"Unaacha mzigo wote!" Gwakisa akalalama.

"Kompyuta imeandika hapa kwamba itautunza siku kumi. Yenyewe imenipa siku kumi, wewe unaninyima hata saa moja?"

Zikapatikana giga tisa, na zilitosha. Tumpe akaingia, akalala kitandani, akapakwa jeli tumboni. Subilaga akaweka kipimo.

Skrini ilibaki nyeusi.

Wakachomoa waya, wakachomeka tena. Wakazima, wakawasha. Bado nyeusi. Mfumo mpya haukukijua kabisa kipimo kile cha zamani. Gwakisa alianza kutokwa jasho, na alipouliza "Sasa tunafanyaje?" hakuuliza kama fundi tena. Aliuliza kama mume.

"Tunarudi tulikotoka," Subilaga akasema.

Akaiamuru kompyuta irudi kwenye mfumo wake wa awali. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuna aliyeondoka kwenye benchi. Gwakisa alisimama akiangalia asilimia zikipanda moja moja.

"Ningeufuta, Sista," akasema taratibu. "Ningeufuta, tusingekuwa na pa kurudi."

Subilaga alikuwa akikifuta kipimo jeli. Aliogopa pia, ila hakutaka mikono yake ijue.

Kompyuta ikawaka. Safari hii picha ikatokea: kichwa cha mtoto upande wa kushoto, miguu upande wa kulia. Amekingama. Gwakisa hakubishana hata neno moja. Alimbeba mkewe mwenyewe hadi kwenye gari la wagonjwa.

Siku ya tatu Tumpe alifanyiwa upasuaji, akapata binti, wote wawili wazima.

Baadaye walioleta kipimo walileta programu inayoendana na mfumo mpya. Kompyuta ikasasishwa upya, wajawazito wote wa Jumanne wakapimwa na wote wakaonekana. Jioni hiyo Subilaga akafungua ile orodha, akaweka alama kwenye mfumo wa zamani na kuufuta bila huruma.

Funzo: Cha zamani kina siku yake ya kutupwa, lakini siku hiyo haifiki mpaka kipya kikuthibitishie kwamba kinaweza kuifanya kazi ambayo uhai wa mtu unaitegemea.