Kwa Nini Watu wa Mzinde Husita Wanapoita

Zamani hizo, kabla simu hazijaja kutufanya tupayuke peke yetu barabarani, watu wa Mzinde waliongea kutoka mlima hadi mlima kwa koo tu. Huyu anaomba chumvi ng'ambo, yule anatangaza ndama kazaliwa, na wengine, tusifichane, walisengenyana hadharani bila haya. Bonde lilikuwa jembamba. Sauti mbili zikikutana katikati zilivurugana, asisikike yeyote.

Lakini bonde lilikuwa na mwenyewe: baragumu la ndiva, lile bwawa la juu mlimani linalonywesha mashamba. Kabla ya kulifungua, mlinzi wake, Kalage, alipuliza baragumu ili waliomo mferejini wakizoa tope watoke. Kwa hiyo kabla ya kuita, ulitega sikio kwanza. Baragumu likilia, ulinyamaza.

Sasa, kutega sikio si mchezo. Jembe linasimama, uji unaungua, mtu kaganda na kiganja shavuni kama anaumwa jino. Watu wakachoka. Wakakutana, wakajiona wana akili sana: mmoja asikilize kwa niaba ya wote. Wakamchagua Nakiete, mke wa Senkondo.

"Shemeji, wewe unasikia hata mchwa akitafuna," walimwambia.

Wakamsimikia mlingoti kilimani, wakamfungia kamba ya kupandishia kipande cha kaniki kama bendera. Kaniki ikipanda, bonde ni jeupe, iteni. Ikishuka, nyamazeni.

Mwanzoni walimpelekea uji. Kisha uji ukaanza kuchelewa, mwisho ukasahauliwa kabisa. Nakiete alisikiliza tangu umande hadi mbuzi wanaporudi, hata pale ambapo hakuna aliyetaka kuita. Macho yakamwingia ndani. Alipoomba apokewe, jirani yake Mbonea alimuuliza, "Kukaa kitako nako kunachosha, mama?" Watu wakaangua kicheko.

Senkondo peke yake hakucheka. Siku ya kuzoa tope alimwachia kiazi cha moto, akamwambia, "Nikitoka mferejini nakaa mimi hapo. Wewe ukalale, mama Kirumbe."

Nakiete alimtazama akiteremka na karai lake. Akatega sikio, bonde lilikuwa kimya. Akapandisha kaniki, akaegemea mlingoti apumzishe mgongo kidogo tu. Usingizi ukamchukua, kamba mkononi.

Kaniki ikabaki juu. Watu wakaita, wakajibizana, wakacheka. Habari ya siku hiyo ilikuwa mbuzi wa Mbonea aliyetafuna kofia ya bwana harusi. Katikati ya vicheko hivyo baragumu lililia, likalia tena. Kalage, huko nyuma ya mlima, akaamini amesikika. Akafungua maji.

Nakiete aliamshwa na mngurumo. Masikio yale yaliyosifiwa yalisikia kila kitu: mawe yakibingirika, karai likigonga ukingo, Senkondo akiita jina lake. Kisha maji matupu.

Walimkuta Senkondo chini kabisa, kwenye migomba. Mbonea alipiga magoti mbele ya mjane. Nakiete hakumtukana. Alisema tu, "Mngenipokea hata kidogo, Mbonea. Kidogo tu."

Na tangu siku hiyo, Mzinde hakuna anayesikilizia wenzake peke yake. Hupokezana, huyu mlima huu, yule mlima ule, kila mmoja kwa kitambo kifupi, kisha anapumzika. Na kila aitaye husita katikati ya maneno yake, kiganja sikioni, ndipo aendelee.

Hata leo, mtu wa huko akikupigia simu, atanyamaza ghafla kabla hajamaliza kusema. Utaitikisa simu, utapanda juu ya kiti kutafuta mtandao, kama alivyofanya msimulizi wenu ugenini, kiti cha watu kikavunjika. Usihangaike. Mtandao upo. Anampa Senkondo nafasi ya kutoka mferejini.