Punda na Nguzo ya Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna njaa? Haya, tena. Paukwa!

Pakawaaa!

Ndiyo hivyo. Basi, zamani za kale, kale hasa, wanyama walikuwa na kanisa lao mlimani. Mchungaji alikuwa Kobe. Mzee wa kanisa alikuwa Tausi. Na Punda? Punda alikuwa mchota maji. Alfajiri alishuka mtoni, kwatu, kwatu, kwatu. Akapanda na madumu mawili, kwatu, kwatu, kwatu. Maji ya kunywa, yeye. Maji ya kudeki, yeye. Maji ya ubatizo, yeye. Kisha alisimama kwenye nguzo ya mlangoni, akasikiliza neno. Kiti hakuwa nacho. Nguzo ile ndiyo ilikuwa mahali pake, naye alipapenda mno.

Jumapili moja Mama Swala alimleta mwanawe abatizwe. Punda akaleta maji ya kudeki, kanisa likasuguliwa likang'aa. Mara Tausi huyo, shwaa, shwaa, mkia ameutandaza. Akatazama chini. Lo! Matope ya kwato sakafuni!

"Nani huyu?"

"Ni mimi, mzee wangu. Nisamehe. Njia ya mtoni ina utelezi."

"Leo tuna wageni, nawe unatuaibisha! Wenye matope wasiingie humu. Toka!"

"Na maji ya ubatizo, mzee?"

"Watachota wengine!"

Punda hakubisha. Aliyaacha madumu matupu, akatoka, akasimama nje dirishani. Iliuma, jamani. Iliuma sana.

Nyimbo zikaimbwa. Wakati wa ubatizo ukafika. Kobe akachungulia beseni. Kavu!

"Maji yako wapi?"

Nyani akamtazama Twiga. Twiga akatazama dari.

"Punda amefukuzwa, mchungaji," akasema Mama Swala. "Yuko dirishani, analia."

Kobe akageuka, polepole, si mnamjua Kobe. "Nani alimfukuza?"

"Mimi," Tausi akajibu. "Nilisema watachota wengine."

"Basi wewe ndiye hao wengine. Nenda, tunakusubiri."

Tausi akashuka. Akateleza, puu! Akachota, akapanda, akateleza tena, puu! Mkia wote tope. Dumu moja likamwagika lote, la pili likabaki nusu. Alipofika mlangoni akasita. Si yeye aliyesema wenye matope wasiingie? Aibu ikamshika. Akaweka dumu chini, akageuka aende zake.

"Mzee, ngoja," Punda akamwita, akitoka dirishani. Akapiga magoti. Akashika tambara kwa meno, akamfuta miguu, wa kulia, wa kushoto.

"Punda! Mimi nimekufukuza, nawe unanifuta miguu?"

"Mzee wangu, njia ile naijua. Ina utelezi."

Tausi akalia mbele ya wote. Kiti chake cha mbele hakukiendea. Alisimama na Punda kwenye nguzo, na matope yake, mtoto wa Swala akabatizwa kwa ile nusu dumu. Jumapili iliyofuata, waliokwenda mtoni walikuwa wawili.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Bwana wetu Yesu alijifunga kitambaa, akawaosha wanafunzi wake miguu. Katika nyumba yake, anayewatumikia wenzake kwa unyenyekevu ndiye aliye karibu naye kuliko sisi wa viti vya mbele. Ndiyo, nami nimo, msinicheke.

Hadithi yangu imeishia hapo hapo, mlangoni. Anayetaka kuingia, kwanza amfute mwenzake miguu.