Kindi na Vyungu Vitatu vya Rangi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini? Pakawa ukuta mweupe pe, hauna picha.
Nani aupake?
Mwenye mkia, si mwenye mdomo!
Sogeeni basi. Na wewe uliyejinyoosha huko nyuma, amka, sisimulii mara mbili.

Hapo kale aliondokea Kindi. Kijinyama kidogo, lakini fundi wa picha. Brashi yake ilikuwa mkia wake. Kila asubuhi huchovya mkia kwenye rangi, akapaka juu ya magome ya miti: swa, swa, swa! Akimpaka swala, unatamani kumtegea.

Shida yake ilikuwa moja, na jina lake Fisi. Udongo mweupe wa kutengenezea rangi ulichotwa shimoni nyuma ya nyumba ya Fisi. Banda la kuonyeshea picha nalo lilikuwa la Fisi. Basi kila alasiri Fisi huja, gu, gu, gu!

"Kindi, umemaliza?"

"Nimemaliza, Bwana Fisi. Ila leo sijatia kitu tumboni."

"Msanii wa kweli hali chakula, hushiba sifa. Lete hapa!"

Fisi huchukua picha, akagonga alama ya kucha zake chini yake, akaitundika bandani. Wanyama wakipita husema, "Lo! Bwana Fisi ana mkono!" Kindi yuko juu ya mti, anasikia, na roho inamuuma.

Siku moja Mama Ndovu, mkuu wa nchi, akamaliza kujenga baraza lake. Akatangaza, "Atakayepaka ukuta huu ndiye fundi wa nchi. Atapaka maisha yake yote, haombi ruhusa kwa mtu. Lakini apake mchana kweupe, sote tunamwona."

Fisi akaruka mbele. "Mimi hapa! Nani mwingine?"

Kisha akakumbuka kwamba hajawahi kushika brashi. Gu, gu, gu, mpaka kwa Kindi.

"Kindi, nifundishe kupaka. Ukikataa, shimo nalifukia, na wewe nakutafuna."

Kindi akarudi nyuma. Ukuta ule alikuwa ameuota tangu unajengwa, na sasa unakwenda hivi hivi. Halafu hasira zikampanda, hofu ikashuka.

"Kazi ndogo hiyo, Bwana wangu," akasema. "Niletee mifupa yako yote. Rangi ya ukutani hukorogwa kwa uboho, ndipo ing'ae."

Fisi akaleta mifupa. Kindi akachemsha uboho, akakoroga rangi vyungu vitatu: chekundu, cheupe, cheusi. Harufu ikatanda msitu mzima.

"Sasa niambie siri ya mwisho," Fisi akasema, mate yakimdondoka.

"Siri umenifundisha mwenyewe. Msanii wa kweli hali chakula, hushiba sifa. Usile siku tatu."

"Siku tatu?"

"Au ulikuwa unanidanganya?"

Fisi akaanza kufunga. Siku ya kwanza tumbo likalia ngruu. Siku ya pili likalia ngruu, ngruu. Siku ya tatu lilikuwa linalia mpaka majirani wanahama.

Wanyama wakajaa barazani. Fisi akasimama mbele ya ukuta na vyungu vyake vitatu. Akachovya brashi kwenye chekundu. Pua ikacheza.

"Naonja tu," akasema, "nijue kama imeiva."

Lapu! Akaonja. Lapu, lapu! Akaonja tena. Chekundu kikaisha. Akahamia cheupe: lapu, lapu, lapu! Akaingiza kichwa kizima kwenye cheusi, matako juu.

"Bwana Fisi," Mama Ndovu akauliza, "picha iko wapi?"

Fisi akatoa kichwa, akacheua. "Iko njiani, Mama."

Wanyama wakaangua kicheko, wengine wakagaagaa chini. Hapo Kindi akashuka mtini, tu! Mgongoni amebeba vyungu vyake vidogo, rangi imekorogwa kwa utomvu.

"Mama Ndovu, picha zote za banda lile ni zangu."

"Basi paka tukuone."

"Sipaki kwanza. Alama yangu ikae ukutani, ionekane. Na shimo la udongo mweupe liwe la kila fundi. Bila hayo, kaeni na ukuta wenu mtupu."

Mama Ndovu akatandaza masikio. "Kitu kidogo hivi kinaniwekea masharti mimi?"

"Ndiyo, Mama. Kidogo hivi hivi."

Mama Ndovu akamtazama, akautazama ukuta, akamtazama Fisi na rangi za midomoni. "Haya," akasema. "Paka."

Swa, swa, swa! Kindi akapaka mto, akapaka pundamilia, akampaka Mama Ndovu mpaka mikunjo ya magoti. Kwenye kona akampaka Fisi, kichwa ndani ya chungu. Kisha akaweka alama yake, kimkia kilichopinda.

Fisi akambembeleza, "Bi Kindi, nipunguzie tumbo walau!"

"Tumbo hilo umelijaza mwenyewe, Bwana. Mimi nimelichora tu."

Kindi hakutajirika, msije mkadanganywa. Alipaka, akala, akapaka tena. Kuna miezi kazi ilijaa na kuna miezi alikula mbegu kavu. Lakini hakuna aliyegonga tena kucha kwenye picha yake.

Funzo? Funzo la ngano hii, wanangu, ni hili: mtiini mkubwa wenu, mpeni kazi zenu zote, wala msiweke majina yenu popote, maana ni kiburi.

Hadithi imeishia hapo. Ikiwa mbaya, semeni mliiokota njiani. Ikiwa nzuri, semeni imetolewa na Mwanakombo binti Faki. Na mlitaje jina zima.