Mchunga na Pacha Wake

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanateka maji na kubishiana hodi, Pimbi mmoja aliyeitwa Nyanzobe aliishi juu ya mwamba pamoja na watoto wake wanne. Chini bondeni alikaa jirani yake Sayi, Pundamilia mwenye tumbo kubwa na moyo mweupe.

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Nyasi zilikauka hadi zikawa zinavunjika chini ya kwato, kachakacha. Kijani kilichobaki bondeni ni mimea miwili yenye maua ya njano, inayofanana kama mapacha. Mmoja ni mchunga, mboga chungu lakini inayoshibisha. Wa pili ni sumu ya polepole, isiyoua leo wala kesho.

Nyanzobe aliijua yote miwili. Marehemu bibi yake alimfundisha: "Vunja shina. Mchunga hutoa maziwa, mwenzake ni mkavu. Tena tazama ua. La mchunga ni vijiulimi vitupu mpaka katikati. La mwenzake lina kitovu cha duara."

Sayi hakufundishwa na mtu. Siku moja akapanda hadi chini ya mwamba.

"Hodi, dada Nyanzobe."

"Karibu, jirani."

"Njaa inaniuma, na naogopa kula nisichokijua. Wewe unayajua majani. Niambie lipi nile."

Nyanzobe akautazama mdomo ule. Mdomo ule ungeweza kulimaliza bonde kwa siku tatu. Akawageukia wanawe wadogo, na uongo ukamjia.

"Twende nikuonyeshe," akasema.

Akachuma huu na huu. Akavunja shina la mchunga, ta! Maziwa yakachuruzika.

"Unaona? Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unafanya nini?"

"Unapofusha."

"Haya basi. Chenye maziwa usikiguse. Wewe kula huu mkavu, wenye ua la kitovu."

Sayi akainamisha kichwa. "Bila wewe ningekufa, dada. Mungu akuzidishie."

Nyanzobe alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Mnyama mkubwa vile, kumbe kumdanganya si shida!

Siku zikapita. Mwambani walishiba mchunga, ambao mama aliuchuma usiku. Bondeni Sayi alikula ule mkavu, na mwanzoni hakuona tofauti. Kisha manyoya yake yakapoteza mng'ao. Mbavu zikatokeza. Akawa anatembea akijigonga kwenye vichaka kama aliyelewa. Ndugu zake walipohama kwenda ng'ambo ya mto kutafuta malisho, yeye hakuweza kuwafuata.

"Ni njaa tu hii," alimwambia Nyanzobe.

"Pole, jirani. Itapita."

Nyanzobe alitaka kuongeza neno, akageuka kurudi mwambani. Nitamwambia kesho, akawaza. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Asubuhi moja alisikia kishindo bondeni, ti, ti, ti! Akashuka mbio. Alimkuta Sayi anatetemeka miguu yote, anaukanyaga mchunga. Karibu wote ulikuwa umepondwa, maziwa yake yameloanisha vumbi.

"Sayi, unafanya nini?"

"Nimemkuta kitindamimba wako anatafuna huu wa maziwa," Sayi akasema huku akihema. "Nimemtemesha, usiogope, yuko salama. Lakini watoto hawasikii, dada. Nikaona heri niuondoe wote. Nisije nikafa nikaacha sumu mlangoni kwako."

Nyanzobe akaketi palepale kwenye vumbi.

"Wa maziwa ndio mboga," akasema. "Sumu ni huo unaoula wewe. Nilijua, Sayi. Nilijua tangu siku ile."

Sayi akaacha kukanyaga.

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Niliogopa utaumaliza."

"Ungeniambia tu kwamba hautoshi," Sayi akasema taratibu. "Ningewaachia watoto. Wakati ule miguu yangu ilikuwa mizima, ningevuka mto na wenzangu."

Tangu siku hiyo Nyanzobe alihangaika kutafuta machipukizi yaliyonusurika, akayapeleka kwa Sayi kila asubuhi, na wanawe wakala mizizi mikavu. Sayi aliyapokea na kushukuru kwa adabu ileile. Lakini sumu ilikuwa imeshakaa tumboni, na kabla ya mvua za kwanza alilala asiamke.

Mvua iliponyesha, mchunga ulichipua upya kwenye mizizi yake, ukajaa bonde zima. Ungewatosha Pundamilia kumi. Watoto wa Nyanzobe wakala wakashiba. Mama yao alitia jani moja mdomoni, akalitafuna sana, akashindwa kulimeza.

Basi shikeni hili, wanangu: anayekuuliza asichokijua amekukabidhi uhai wake, usimjibu kwa uongo.