Nani Atampokea Nuhu Kaburini

Hapo zamani, enzi za vita, Mungu asiturudishie, palikuwa na kijana Nuhu, mwanafunzi wa urubani katika kambi iliyo chini ya mlima Lukwele.

Asubuhi moja ya masika, Sajini Chambuso, mpima hali ya hewa, alimwambia mwalimu wa marubani, Kapteni Mwinjuma, "Afande, wingu limeumeza mlima."

Kapteni akamjibu, "Basi mwambie adui angoje uanike nguo zako."

Watu wakacheka. Chambuso akarudi kwenye vipimo vyake, na Kapteni akamwamuru Nuhu aruke.

Nuhu akamwendea kaka yake Zuberi, fundi wa ndege. "Kaka, moyo unakataa. Nikaseme?"

"Ukaseme nini? Kwetu hakuzaliwa mwoga. Panda."

Nuhu akapanda, peke yake. Haukupita muda, sauti ikaja redioni: "Afande, sioni mlima. Sioni..." Ikakatika.

Kapteni akarusha ndege nyingine, akaingia katika wingu lilelile kumtafuta. Akarudi na bawa limechanwa na matawi ya miti. Chambuso akaupanda mlima kwa miguu, tope magotini, akaiteremsha maiti mgongoni. Zuberi akamwosha mdogo wake, kidole kwa kidole.

Sasa, desturi ya watu wale ni hii: anayeshuka kaburini kumpokea maiti ni mmoja, naye asiwe na mkono katika kifo chake. Baba alikwisha kufa. Vijana wa mtaa wote wako vitani, na wazee waliobaki hawawezi kushuka shimoni. Basi watatu wale wakaja mlangoni kwa mama, Bi Mwanaidi.

Kapteni akasema, "Mama, nilimrusha mimi. Lakini nilimfuata hadi mlangoni pa mauti. Niache nimfuate na huku."

Chambuso akasema, "Mama, nililiona wingu, nikaogopa kuchekwa. Lakini mimi ndiye niliyemleta nyumbani. Bila mimi, leo mngezika nini?"

Zuberi akasema, "Mama, nilimwambia panda. Lakini ni damu yangu. Apokewe na mgeni, nami nipo?"

Mama akawatazama mikono. "Subhanallah. Asiye na mkono hayupo?"

Mvua ikaanza tena juu ya bati. Shehe akaita kutoka uani, "Bi Mwanaidi, maji yanaingia kaburini. Tupe jina!"

Mama akashika kizingiti, akataja jina la Mola wake, akafumbua kinywa.

Nanyi mnaonisikiliza, mliokwisha kuzika na ambao bado: je, amtaje nani?